Je, Wajua? Kutoka Oasisi ya Libya hadi Misahafu ya Kale

Marijn van Putten wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ni mwanaisimu wa historia. Alianza na lugha za Kiberber, yaani za Waamazigh wa Afrika Kaskazini, kisha akageukia Kiarabu cha Kurani. Haya ni machache yanayopatikana katika njia aliyopita.

Je, wajua kwamba kitabu chake cha sarufi, kilichotoka mwaka 2014, kinahusu lugha ya oasisi moja tu? Ni Awjila, mashariki mwa Libya. Msingi wake ni hadithi na msamiati ambao Mwitalia Umberto Paradisi aliuchapisha mwaka 1960 na 1961.

Je, wajua kwamba oasisi hiyo ilikuwa na sifa tangu karne ya 5 KK? Herodotus wa Ugiriki aliandika kuwa Wanasamoni waliacha mifugo yao pwani wakati wa kiangazi, wakapanda bara hadi Augila, yaani Awjila, kuvuna tende.

Je, wajua kwamba lugha ndogo inaweza kutunza sauti ambayo lugha kubwa zimeipoteza? Kwa Wakabyle, Waberber wa Aljeria, usiku ni *iḍ*. Watuareg, nao Waberber, wana *h* ndani ya neno hilo, na watu wa Awjila wana *v*. Kwa kulinganisha hivyo, wanaisimu wanaona kuwa lugha ya kale iliyozaa zote hizo ilikuwa na konsonanti ya midomo, karibu na *b*, ambayo Wakabyle hawanayo tena katika neno hilo.

Je, wajua kwamba Facebook nayo imekuwa hazina ya utafiti? Mwaka 2015, Van Putten na mwanaisimu Lameen Souag walichapisha makala kuhusu Kiawjila kwa kutumia maandishi ambayo wasemaji wenyewe waliyaweka humo.

Je, wajua kwamba Waberber wana maneno ya ibada yenye alama ya ukongwe? Sala wanaiita *taẓallit*, na kufunga ni *uẓum*. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini herufi ya Kiarabu *sad* (*s* nzito) imegeuka *z* nzito. Maneno yaliyoingia baadaye kwa kawaida yamebaki na *sad* yake, kwa hiyo haya yanahesabiwa miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa, Uislamu ulipofika.

Je, wajua kwamba neno moja katika Kurani lina tahajia mbili? Tazama Surat Ibrahim aya ya 34, kisha An-Nahl aya ya 18. Zote zinazungumzia wingi wa neema za Mwenyezi Mungu usiohesabika. Katika ya kwanza, *ni'mat*, yaani neema, imeandikwa kwa te wazi (ت). Katika ya pili, kwa te marbuta (ة). Wasomi wa tajwidi wanahesabu mahali 11 penye te wazi. Mwaka 2019 Van Putten alilinganisha misahafu 14 ya kale, akakuta karibu kila mahali tahajia ni ile ile. Waandishi wanaoandika kwa kusikia tu wasingeafikiana hivyo. Akahitimisha kuwa yote inatokana na nakala moja iliyoandikwa, jambo linalokubaliana na masimulizi ya msahafu wa Khalifa Uthman.

Je, wajua kwamba hamza, yaani mkato wa sauti kooni, nayo ina kisa chake? Katika kisomo cha Warsh, kilichoenea Moroko na Aljeria, *yu'minun* husomwa *yuminun*. Katika kitabu chake cha mwaka 2022, Van Putten anashikilia kuwa lahaja ya Hijazi, ambayo kwayo Kurani iliandikwa, ilikuwa karibu imeiacha hamza kabisa. Wanasarufi wa Kiarabu wa kale walikwisha kusema kuwa watu wa Hijazi hawaitamki. Yeye ameongeza mashahidi wawili: tahajia ya misahafu ya kwanza na vina vya aya zenyewe.