Ikulu za Watemi kwa Mwenye Mfuko Mdogo: Ukitoka Buhongwa Uende Wapi?

Kwa mtu anayekaa Buhongwa, jijini Mwanza, nauli ya daladala ya kwenda kuona ngoma, viti na mataji ya watemi wa Usukuma, na ya kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, haifiki shilingi 5,000. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi wa huku Nyamagana wakisikia habari za majumba ya wafalme mawazo yao hukimbilia Kampala. Wanapiga hesabu ya pasipoti, basi la usiku na gesti, halafu safari inafia barazani. Wakati huo huo ziwa letu limezungukwa na tawala za kale pande zote, na nyingine ziko umbali wa kwenda asubuhi ukarudi jioni.

Ili ujue pesa yako inakwenda wapi, anza na historia, maana ndiyo iliyopanga bei. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria ya mwaka 1963. Tangu hapo mtemi hana hazina, hana askari wa lango, hana fungu la kukarabati paa. Majumba yalibaki mikononi mwa familia, na vitu vya utawala vikatawanyika: vingine kwa wajukuu, vingine makumbusho. Uganda ilifuta falme zake mwaka 1967, lakini ikazirudisha mwaka 1993, kwa hiyo Buganda leo ina Kabaka, ina ofisi na ina tiketi. Rwanda iliachana na ufalme mwaka 1961, na ikulu ya Nyanza imekuwa makumbusho ya serikali. Ndiyo maana huko nje bei hubandikwa ukutani, na huku kwetu mara nyingi bei ni mazungumzo. Msafiri mwenye pesa kidogo anatakiwa kuijua tofauti hiyo kabla hajafunga begi, kwa kuwa mazungumzo yanaweza kukugharimu kidogo sana au kukumaliza.

Nianze na Bujora, iliyoko Kisesa, wilaya ya Magu, kando ya barabara ya Musoma. Kutoka Buhongwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanda daladala ya mjini, kisha kuunganisha ya Kisesa. Ya pili inakata kwa Kishiri na kutokea Igoma, na inakuepusha na foleni ya katikati ya jiji. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli Desemba 2023, kiwango cha chini cha daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kilifika shilingi 600, na kinapanda kidogo kidogo kadiri umbali unavyoongezeka. Tenga 4,000 za daladala kwenda na kurudi utabaki na chenji. Kutoka Kisesa hadi lango la makumbusho unaweza kutembea. Bodaboda ichukue tu ukiwa na mzee au mtoto mdogo, na patana naye kabla hujapanda.

Bujora si nyumba aliyoishi mtemi, na anayetaka kukanyaga sakafu iliyokanyagwa na mfalme ajue hilo mapema. Ni kijiji cha makumbusho kilichoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyekuwa akikusanya vifaa, nyimbo na masimulizi ya Usukuma tangu miaka ya hamsini. Kazi hiyo ilikuja kuwa na thamani kubwa baada ya 1963, watemi walipovuliwa madaraka na ngoma zao zikawa hazina pa kukaa.

Jengo la kukaa nalo muda mrefu ni banda la kifalme, ambalo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ndani yake kuna ngoma, viti, mataji na silaha kutoka tawala mbalimbali za Usukuma, ambazo zamani zilifika 50 hivi. Simama mbele ya ngoma zile umwache mwongozaji aongee. Ngoma ya utemi haikuwa chombo cha kuchezea harusini. Ilikuwa alama ya utawala wenyewe, ikikabidhiwa kutoka mtemi hadi mtemi, na aliyeishika ndiye aliyeshika nchi. Mtoto wa shule aliyesoma kwamba Wasukuma walikuwa na watemi, akasoma jina tu, hapo anaona uzito wa kitu chenyewe. Kisha kuna nyumba ya mfua chuma, nyumba ya mganga, na maelezo ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo ushindani wao ndio unaopamba sherehe za Bulabo kila Juni. Usiondoke bila kuingia kanisani hapo hapo Bujora: tabernakulo imetengenezwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Clement aliona kuwa Msukuma anayejua heshima ya ikulu hahitaji kuelezwa mara mbili nani anakaa humo.

Gharama za Bujora zimegawanyika, na hapo ndipo watu hujikwaa. Kiingilio ni kitu kimoja, na mgeni wa kutoka nje hulipa zaidi ya Mtanzania, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Kikundi cha ngoma ni kitu kingine kabisa, hukodishwa kwa onyesho, na hapo bei hupanda. Dawa yake ni kwenda wengi. Tuseme kikundi kimedai shilingi 100,000. Mkiwa watano kila mmoja anatoa 20,000. Mkiwa 20 kila mmoja anatoa 5,000. Kwaya, kikoba au darasa moja la sekondari wanaweza kuona ngoma ya Bugobogobo ikichezwa kwa majembe kwa bei ya sahani ya samaki. Aliyekwenda peke yake aachane na onyesho, alipe mwongozaji vizuri, pesa yake itakuwa imefanya kazi. Uliza langoni mambo yote kwa pamoja: kiingilio, picha, mwongozaji, ngoma. Ukiulizia kimoja kimoja, kila nyumba utakayoingia itakuwa na mshangao wake.

Kisesa hiyo hiyo ndipo machifu walipomsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya, tarehe 8 Septemba 2021. Nalitaja kwa anayedhani utemi ni mambo ya kabatini. Sheria iliondoa mamlaka, lakini heshima haikuondoka nayo.

Sasa anayetaka jumba lenyewe. Kwake yeye jibu ni Ukerewe, kijiji cha Bukindo, ilipokuwa ikulu ya Omukama, yaani mfalme. Watawala wa Ukerewe ni wa ukoo wa Abasilanga, ambao masimulizi yao yanawaleta kutoka Ihangiro, upande wa Kagera. Omukama wa mwisho kutawala alikuwa Michael Lukumbuzya, na jumba la Bukindo ni la mtindo wa kikoloni, ushahidi wa jinsi watawala wa kisiwa walivyojipatanisha na wakati wa Mwingereza. Huku ndiko ilikotoka pia riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Kitereza mwenyewe alikuwa wa damu ya watawala hao. Ukiiazima maktaba kabla ya safari utakuwa umejipatia mwongozaji wa bure.

Hesabu ya Ukerewe ni nzito kuliko inavyoonekana. Meli ya Mwanza kwenda Nansio huchukua muda wa saa tatu hivi, na daraja la chini linatosha kabisa kwa safari ya mchana. Lakini ukijumlisha daladala ya kutoka Buhongwa hadi bandarini, kusubiri, safari yenyewe, na bodaboda ya Nansio hadi Bukindo, siku imekwisha. Ukilazimisha kurudi siku hiyo hiyo utaliona jumba kama mtu aliye ndani ya basi. Kwa hiyo weka gesti ya usiku mmoja Nansio, weka chakula cha siku mbili, na kama wewe ni mfanyabiashara wa soko la Buhongwa, weka pia siku mbili za genge kufungwa. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko nauli. Njia ya barabara ipo, kwa Bunda na Kisorya kisha kivuko cha Rugezi, ila kwa mtu wa Buhongwa ni kuzunguka bure.

Bukindo hakuna dirisha la tiketi, na msafiri mwenye pesa kidogo anaweza kuona hiyo ni nafuu. Mimi nasema ni wajibu. Unaingia kwenye mji wa watu. Pita ofisi ya kijiji kwanza, eleza umetoka wapi na unataka nini, piga hodi, amkia wazee, na subiri uambiwe karibu. Usipige picha kabla hujaruhusiwa. Sukari, sabuni au bahasha ndogo kwa mzee aliyekupa muda wake si rushwa wala si kiingilio, ni adabu ambayo hata bibi yako angekukumbusha. Tenga angalau 10,000 kwa ajili hiyo na usizitoe kwa kubanwa. Jumba la namna hii halina ruzuku, na anayekuonyesha ndiye huyo huyo anayefagia. Wapo wasafiri wanaojisifu kuwa wameona ikulu bure. Mimi naona wamekula kwa watu wakaondoka bila kushukuru.

Kagera nitaipitia haraka. Karibu na Bukoba kuna Kanazi, makao ya Omukama Kahigi wa Kihanja, aliyekuwa na nguvu sana enzi za Mjerumani. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na limemfaa mtu wa Buhongwa kuliko wengi: basi linatoka Nyegezi, linakupitia hapo hapo, linakata Usagara, na ile foleni ya kivuko haipo tena. Lakini umbali ni zaidi ya kilomita 400. Kwa kiwango cha LATRA cha Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida, kilomita 400 ni 19,388 kwenda tu, na daraja la kati kwa 67.84 ni 27,136. Ukirudi ni mara mbili. Kata tiketi stendi kwa kampuni yenyewe, uone nauli imeandikwa. Anayekuvuta mkono barabarani hana sababu ya kukupunguzia. Ukiweka na malazi, safari hii inafaa kwa aliye na shughuli nyingine huko: msiba, harusi, mtoto shuleni. Kanazi iwe nyongeza.

Kampala ni hivyo hivyo, ila kwa mara tatu. Lubiri ya Mengo, yaani ikulu ya Kabaka, iliyoanzishwa na Kabaka Mwanga mwaka 1885, ina uzito wake: ndiyo iliyovamiwa na jeshi la Obote Mei 1966, Kabaka Mutesa akakimbilia uhamishoni, na ndani ya uwanja wake kuna vyumba vya mateso vya enzi za Idi Amin. Makaburi ya makabaka huko Kasubi, yaliyoungua Machi 2010 na kujengwa upya, ni mahali pa ibada. Mwanamke abebe kanga ya kujifunga, na viatu vinavuliwa. Lakini jumba lenyewe la Lubiri mgeni hulitazama kwa nje. Pasipoti ya Tanzania peke yake ni shilingi 150,000, yaani kabla hujapanda gari umeshatumia pesa ya kupeleka familia nzima Bujora na kuwalisha sato. Aliye na pasipoti tayari na safari ya biashara Kampala, aende, na aulize kama kuna kiwango cha raia wa Afrika Mashariki. Kutoka Buhongwa kwa ajili ya Lubiri peke yake, simshauri mtu.

Ushauri wangu basi ni huu. Mwenye 30,000 na siku moja aende Bujora, atoke alfajiri, na sehemu kubwa ya pesa hiyo ampe mwongozaji, sio bodaboda. Mwenye 100,000 na siku mbili aende Bukindo, lakini awe amepitia Bujora kwanza, kwa sababu jumba bila maelezo ni kuta tu. Mwenye zaidi ya hapo asubiri safari yenye sababu mbili, ndipo aongeze Kanazi au Mengo.

Na walimu wa Buhongwa, Mkolani na Kishiri wenye watoto wanaofundishwa habari za watemi ubaoni: Bulabo ni Juni. Pigeni simu Bujora mapema, kodini basi dogo, gawaneni gharama, muwapeleke watoto wakazione ngoma zile kwa macho yao.