Nani aliona? Tamthilia za uchawi, tamthilia za mahakama na jirani yako



Wapendwa wasomaji, ukipita jioni katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang, kuanzia Daudi na Dongobesh hadi Endasak na Bassotu, utaona mwanga wa runinga hata kwenye nyumba ambazo nguzo ya umeme haijafika. Sola iko juu ya bati, king'amuzi kiko mezani, na majirani wamejaa sebuleni mpaka usiku umekwenda. Asiye na king'amuzi anakwenda kibanda umiza. Kijana mwenye simu janja anatembea na tamthilia yake mfukoni.

Ndiyo maana baada ya Misa mara nyingi ninaulizwa: "Padri, ni dhambi kuangalia hizi tamthilia za uchawi na mizimu?" Akinamama huongeza: "Na zile za mahakama je? Hizo si zinafundisha?" Leo nijibu yote mawili.

Jibu la kwanza ni fupi. Kuangalia hadithi si dhambi kwa kuwa tu ndani yake kuna mchawi. Biblia yenyewe ina mwanamke wa Endori aliyeita wafu, na ina Simoni mchawi kule Samaria. Ninachowauliza waamini ni hiki: tamthilia ikiisha na taa ikizimwa, unamtazamaje jirani yako?

Hadithi za namna hii zimekuwa nasi muda mrefu. Mwaka 1992 Wanigeria walitoa filamu ya Living in Bondage, iliyotengenezwa kwa lugha ya Kiigbo. Mwanamume aitwaye Andy anamtoa kafara mke wake, Merit, ili apate utajiri. Fedha zinakuja kweli, lakini mzimu wa mke wake unamfuata mpaka akili inamruka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapa kwetu Mussa Banzi akatutengenezea Nsyuka, kisha Shumileta, na watoto wakaogopa kwenda chooni usiku. Tangu hapo hatujakaukiwa. Leo tunazo za kwetu, za Nigeria, za Wafilipino na za Wakorea, nyingine zimewekewa sauti za Kiswahili.

Sizidharau. Angalieni ile ya Andy. Mwovu katika hadithi ile hakuwa bibi kizee wa jirani. Alikuwa mume mwenyewe, aliyewaonea wivu rafiki zake wenye magari. Mtazamaji aliyeielewa vizuri alitoka akijiuliza kuhusu tamaa yake. Hadithi ya kutisha ikifanya hivyo, imefanya kazi karibu na ile ya mahubiri.

Lakini zipo nyingi zinazofanya kinyume. Mtoto anaugua, biashara inaanguka, binti hapati mchumba, na tangu dakika ya kwanza tunajua nani kafanya: shangazi, mama mkwe, au mjane anayeishi peke yake. Tunajuaje? Kwa sababu kamera imetuonyesha. Imetupeleka chumbani kwake saa nane usiku, tumeona kaniki, kibuyu na macho mekundu. Wahusika ndani ya hadithi hawajui, sisi tumeketi kwenye kochi tunajua kila kitu. Tunapiga kelele: "Ni huyo! Ni huyo!"

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Kwenye tamthilia kamera ni shahidi. Nyumbani kwako hakuna kamera. Mwanao akiugua homa usiku, hakuna aliyekuonyesha chumba cha shangazi. Lakini umezoea kujua, na mtu aliyezoea kujua haoni shida kuhukumu.

Nitoe mfano. Katika kigango kimoja cha huku kwetu palikuwa na mama mjane, mzee. Mnajua utaratibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo: kila wiki tunasali katika nyumba ya mwanajumuiya mmoja, kwa zamu. Zamu ya mama huyu ilipofika, wakamruka. Mara ya pili wakamruka tena. Yeye hakusema neno, aliendelea kuja kusali kwa wenzake na kuketi karibu na mlango. Katekista alipouliza sababu, aliambiwa kwamba watoto wawili wa jirani waliugua baada ya kula kwake. Akauliza swali moja tu: "Nani aliona?" Wa kwanza alisema ameambiwa na wa pili. Wa pili alisema ameambiwa na wa tatu. Wa tatu akainamisha kichwa, akasema: "Macho yake, Katekista. Ni mekundu kama ya yule bibi wa kwenye tamthilia."

Macho ya mama yule ni mekundu kwa sababu amepikia kuni miaka zaidi ya 50 katika jiko lisilo na dirisha. Nusu ya bibi zetu wana macho hayo. Na Watanzania tunajua mahali neno "macho mekundu" linapoweza kumfikisha mtu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa neno hilo. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu ya ahadi za waganga, hata Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Kabla ya panga kulikuwa na neno, na kabla ya neno kulikuwa na mtu aliyedhani anajua.

Sasa tuje kwenye tamthilia za mahakama. Wengi mnaikumbuka Vioja Mahakamani ya Kenya, iliyorushwa na KBC kwa miongo mingi. Tulicheka sana. Lakini katikati ya vicheko kulikuwa na utaratibu: mashtaka yanasomwa, shahidi anaulizwa, na mshtakiwa, hata akiwa mlevi wa kijijini, anapewa nafasi ya kujitetea. Siku hizi wapo wanaofuatilia tamthilia za Kituruki. Mojawapo ni Yargı, maana yake hukumu, iliyoanza mwaka 2021. Mwendesha mashtaka anajikuta na kesi ambayo mtuhumiwa ni mdogo wake, na aliyeuawa ni dada wa wakili anayefanya naye kazi. Kila mmoja ana sababu ya kuamini anachotaka kuamini. Ushahidi unawakatalia wote wawili, na inabidi waanze upya.

Hizi nazo zina uongo wake. Kwenye runinga kesi ngumu inaisha kabla ya matangazo ya biashara, na mkosaji anakiri mwenyewe huku analia. Aliyewahi kufuatilia shauri la shamba hapa wilayani anajua kwamba kalenda ya mahakama haiendi hivyo. Tena wapo vijana wanaojifunza kwenye tamthilia hizo kwamba wakili mzuri ni yule mjanja wa maneno. Lakini hata zikiwa na kasoro hizo, zinatufundisha jambo moja ambalo zile za uchawi hazitufundishi: kusubiri. Mtazamaji anamshuku huyu leo, kesho anagundua kwamba alikosea. Katiba yetu, Ibara ya 13, inasema jambo hilohilo: aliyeshtakiwa kwa jinai asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia.

Wala tusidhani utaratibu huo tumeletewa na wakoloni. Wazee wa Kiiraqw wameketi chini ya mti kusikiliza mashauri tangu zamani. Kwa ndugu zetu Wadatoga wa Hanang, wanawake wana baraza lao linalosikiliza mashauri ya wanaume waliowakosea wanawake na kuwatoza faini ya ng'ombe. Kusikiliza kabla ya kuhukumu ni urithi wetu.

Na Biblia je? Sisi Wakatoliki tunayo katika Danieli sura ya 13 kesi ya mahakama iliyo bora kuliko nyingi za runinga. Susana anashtakiwa uzinzi na wazee wawili. Maandiko yanaeleza kwamba mkutano uliwaamini kwa sababu walikuwa wazee wa watu na waamuzi. Hakuna aliyeuliza swali. Susana anapelekwa kuuawa. Ndipo kijana Danieli anapaza sauti, anawatenganisha wale wazee, anamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine mti mwingine. Swali moja likamwokoa mtu. Swali la Danieli na la katekista wetu ni lilelile.

Rudini sasa kwa mwanamke wa Endori, katika 1 Samweli 28. Leo ingetengenezwa tamthilia, bila shaka yeye ndiye angekuwa mwovu. Maandiko hayasifu kazi yake hata kidogo, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataza ramli na uchawi wa kila aina. Lakini anayehukumiwa katika sura ile ni Sauli, mfalme aliyefukuza waganga mchana na kuwaendea usiku akiwa amebadili nguo. Mwanamke yule mwisho anamhurumia, anachinja ndama na kumwokea mikate. Wangapi kati yetu ni Sauli? Jumapili tuko kwaya, Jumatano usiku tuko kwa mganga kuuliza "nani kanifanyia". Mganga naye hatashindwa kukupa jina.

Najua mtu atasema: "Padri, ina maana hakuna uovu?" Upo. Kanisa halicheki mambo ya roho. Lakini si kila maumivu yana mtu nyuma yake. Tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani. Tulizika watu zaidi ya 80. Wapo waliodhani volkano imelipuka. Wataalamu walipochunguza walieleza kwamba mvua zilijaza maji katika sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, ikameguka. Wafiwa waliuliza kwa nini wao. Yesu aliulizwa swali linalofanana na hilo, naye akataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Akajibu, sivyo. Halafu akawageuzia wasikilizaji: tubuni ninyi (Lk 13:4-5). Hakuwapa jina la mtu wa kulaumu.

Nimalizie kwa jambo ambalo lingewafaa hata watunzi wa tamthilia. Katika Ufunuo 12:10 Shetani anaitwa mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki mchana na usiku. Na katika Injili ya Yohane Roho Mtakatifu anaitwa Mtetezi, yaani wakili anayesimama upande wako. Kumbe mambo ya roho na mambo ya mahakama ni hadithi moja. Yule mwovu kazi yake ni kushitaki, na Roho wa Mungu kazi yake ni kutetea. Tunapomnyooshea kidole bibi wa watu bila ushahidi, tukidhani tunapambana na Shetani, tunakuwa tumemsaidia kazi yake. Kesi ya Bwana wetu mwenyewe ilikuwa hivyo: mashahidi wengi, ushuhuda usiopatana, na hukumu iliyokuwa imekwisha amuliwa.

Basi wiki hii nawapa kazi tatu. Kwanza, wazazi, msiwaache watoto peke yao na tamthilia za usiku. Keti nao, na ikiisha waulize: "Huyu bibi mngemjuaje kama kamera isingewaonyesha?" Pili, mwenye ugonjwa ndani aende kwanza zahanati, na mwenye hofu aje kwa padri wake tusali pamoja, mchana kweupe. Tatu, kila Jumuiya iangalie orodha yake ya zamu. Kama kuna nyumba inayorukwa, Alhamisi hii nendeni mkasali pale, na mnywe chai yake.

Kule kigangoni, Katekista alikwenda kwa mama yule na watu wanne tu. Wiki ya zamu iliyofuata walikuwa 11. Mama aliwapikia ugali na maziwa mgando, na wale watoto wawili walikuwepo, wakala wakaongezwa.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.