Ubao wa Pamoja na Kiswahili Kinachofundishwa kwa Mbali

Ubao wa pamoja wa mtandaoni ni ukurasa mtupu unaofunguliwa na mwalimu na wanafunzi kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kompyuta, kishikwambi au simu yake, na anachoandika mmoja huonekana kwa wote papo hapo. Mwalimu hutuma kiungo tu, anayekibonyeza ameshaingia. Kwenye mbao nyingi kila mshiriki ana kishale chake chenye jina, hivyo mwalimu aliyeko Unguja anaweza kukiona kishale cha mwanafunzi wa Leipzig kikisitasita juu ya neno kabla hajaligusa. Kwenye ubao wa chaki kusitasita huko hakuonekani.

Wazo lenyewe lina umri. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta skrini moja ikitumiwa na watu wawili: yeye ukumbini, mwenzake Menlo Park, umbali wa kilomita zipatazo 50. Siku hiyo ndiyo pia aliyoonyesha kipanya. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Carleton, Canada, kilianzisha BigBlueButton, programu huria ya madarasa ya mtandaoni yenye ubao ndani yake. Leo zipo Miro, Padlet, Excalidraw na nyinginezo, na korona ya mwaka 2020 ndiyo iliyowasukuma walimu wengi kuzizoea, wengine shingo upande.

Kwa anayefundisha Kiswahili kwa wageni, faida kubwa iko katika kuhamisha vitu, kuliko hata kuandika. Tuchukue kitenzi “tutamletea”. Mwalimu anakikata vikaratasi sita: tu, ta, m, let, e, a. Mwanafunzi aliyezoea Kiingereza huanza kwa kusema “tutaleta yeye”. Badala ya kumkatiza, mwalimu anakiacha kikaratasi cha m pembeni, chenye rangi yake. Mwanafunzi anakiburuta hadi mwisho wa neno, anasoma kwa sauti, anaona hapana. Anakipeleka kabla ya ta, anasoma tena. Kinapotua kati ya ta na let, sikio lake limeshajua. Upatanisho nao hufundishika vivyo hivyo: “kitabu changu kipya kimepotea” kikigeuzwa wingi, viambishi vinne lazima vibadilike, na kile kilichosahaulika hubaki pale na rangi yake ya zamani, kikiwaumbua wote waliokipita.

Lakini hakuna mahali ubao huu unapong'ara kama kwenye ngeli za mahali, ambazo vitabu vingi vya sarufi huzieleza kwa jedwali kavu. Mwalimu anaweka picha ya chumba chenye meza na sanduku, na nje ya dirisha shamba. Mezani pana kitabu. Sandukuni mna nguo. Shambani kuna watu. Mwanafunzi anaambiwa akichukue kitabu mezani, akitie sandukuni, kisha aseme alichofanya. Papo hapo “pana” inamlazimu igeuke “mna”. Akikitupa huko shambani, itabidi aseme “kuna”. Mkono na ulimi vinakwenda pamoja, na tofauti ya juu ya kitu, ndani ya kitu na eneo lisilo na mipaka haihitaji tena maelezo marefu. Ni haki mgeni aambiwe pia kwamba akishuka Nairobi, na hata sehemu nyingi za Dar es Salaam, atasikia “kuna” ikibeba kazi zote tatu, na hakuna atakayemcheka akiitumia.

Hatari ya ubao ni kuua mazungumzo. Lugha husemwa, na wanafunzi wanaotafuta kalamu ilikojificha kwenye skrini hawasemi neno. Ndiyo maana mwalimu mzoefu huuandaa ubao mapema, akafunga picha na vichwa vya habari visisogezwe kwa bahati mbaya, na kuwaachia wanafunzi vile tu vya kuburuta. Kuandika kwa kipanya ni mateso. Afadhali kupiga chapa. Kundi likizidi watu watano au sita, kila mmoja apewe kona yake, vinginevyo vikaratasi huruka huku na huko mithili ya kumbikumbi. Wenye haya hufaidika zaidi pale programu inaporuhusu kuandika bila jina.

Gharama ya bando ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachosafiri mtandaoni mtu anapochora si picha ya mchoro, bali orodha ya nukta alizopitia. Kifaa cha mwenzake ndicho kinachouchora upya. Kamera zikizimwa, sauti na ubao huweza kwenda hata kwa mtandao dhaifu ambao video ingekwama. Tatizo huwa kwenye simu za bei nafuu, ambazo hulemewa na mbao kubwa zilizojaa picha, na kioo chake ni kidogo mno kwa vidole. Na zipo siku ambazo ufundi wote haufui dafu: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania na majirani zake iliyumba vibaya.

Pigo la namna nyingine ni huduma yenyewe kufungwa. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba Jamboard, ubao uliopendwa na walimu wengi kwa urahisi wake, ungefikia mwisho tarehe 31 Desemba 2024. Waliohifadhi kazi zao kwa PDF walibaki na picha. Vikaratasi vyake havisogei tena. Kwa hiyo sentensi za somo na mgawanyo wa vipande vyake huwekwa pia kwenye faili la maandishi matupu, ambalo mwalimu anaweza kulinakili kwenye ubao wowote kwa dakika chache.