Mwenyeji wa Yakobo

Kwa Kiswahili, kumwita mtu firauni ni kumtukana, na ufirauni ni uovu uliopita mpaka. Neno hilo limetuziba macho. Juzi nilimsikia mhubiri akisimulia habari za Waebrania nchini Misri kama kisa cha utumwa mwanzo hadi mwisho, na yule Farao, yaani Firauni, aliyempokea Yakobo akatiwa kapu moja na mfalme wa baadaye aliyeamuru watoto wachanga watupwe mtoni. Niliumia. Kitabu cha Kutoka kinaanza kwa kusema wazi kwamba aliinuka mfalme mpya asiyemjua Yusufu, mwana wa Yakobo. Na Kurani, katika Sura Yusuf, haimwiti mwenyeji huyu Firauni hata mara moja. Inamwita mfalme.

Tazameni alivyopokea wageni. Njaa ilikuwa imekula miaka 2 na bado ilikuwa na miaka 5 mbele yake. Habari kwamba ndugu za Yusufu wamefika ikaingia ikulu, na mfalme pamoja na watumishi wake wakafurahi. Akaagiza magari ya kukokotwa yaende Kanaani kuwachukua wake, watoto na baba mzee, yaani wale wasioweza mwendo. Kisha akawaambia wasivihurumie vyombo watakavyoviacha, kwa kuwa mema ya Misri yote ni yao. Aliyewahi kumhamisha bibi yake mzaa mama anajua uzito wa neno hilo. Bibi hazuiwi na nyumba. Anazuiwa na sufuria zake na mbuzi yake ya kukunia nazi.

Najua mwiko wa Wamisri wa kutokula pamoja na Waebrania ulikuwepo. Kila taifa lina miiko yake.

Linalonichoma zaidi ni maneno kwamba Gosheni, eneo walilopewa kukaa, ilikuwa namna ya kuwatenga. Ni kweli Wamisri waliwachukia wachungaji, na Yusufu aliwaonya ndugu zake mapema. Lakini walipopelekwa watano mbele ya mfalme naye akawauliza kazi yao, hawakuficha: sisi ni wachungaji, kama baba zetu. Naye akawapa sehemu iliyo bora ya nchi, upande wa mashariki wa delta ya Nile, kwenye malisho. Mfugaji hukaribishwa kwa majani. Ukimweka katika jumba la mawe huku ng'ombe wake wakifa, umemfunga. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Farao hakuwapa jembe la mtu mwingine, aliwapa kazi waliyoijua: alimwambia Yusufu kwamba wakiwemo hodari kati yao, awaweke juu ya mifugo yake mwenyewe.

Misri ilizoea kuona watu wakiingia namna hiyo. Huko Beni Hasan, katika kaburi la mkuu aitwaye Khnumhotep, kuna mchoro wa mwaka wa 6 wa utawala wa Farao Senusret wa Pili, karibu mwaka 1890 kabla ya Kristo. Si jamaa ya Yakobo, ila ni watu wa kutoka pande zilezile, 37 kwa hesabu ya maandishi: wanaume kwa wanawake wenye nguo za rangi na michoro mingi, watoto juu ya punda. Wameleta wanja. Mchoraji amewachora kwa uangalifu, vazi kwa vazi.

Sasa mzee anaingia. Farao anamuuliza umri wake, na wasomaji wengi huruka hapo wakidhani ni mazungumzo ya kupitisha muda. Wamisri, katika maandishi yao ya hekima, walihesabu miaka 110 kuwa ukamilifu wa maisha ya mtu. Yakobo akajibu 130, tena akiiita michache na mibaya. Akambariki mfalme alipoingia, akambariki tena alipotoka. Mtawala wa Misri, ambaye watu wake walimwita mungu, alitulia akapokea baraka za mchungaji aliyekimbia njaa. Kwetu mtoto humwamkia mzee shikamoo hata akiwa waziri. Heshima hiyo ndiyo ninayoiona pale, nayo ndiyo inayopungua katika ofisi zetu, ambako mzee husimama dirishani huku kijana akitazama simu.

Yakobo aliishi Misri miaka 17. Alipofariki, waganga walimtia dawa siku 40, na Wamisri wakamlilia siku 70. Yusufu akaomba ruhusa kwa kupitia watu wa nyumba ya Farao, akajibiwa aende akamzike baba yake kama alivyomwapia. Ruhusa peke yake ingetosha. Lakini walikwenda naye watumishi wa Farao, wazee wa Misri, magari na wapanda farasi, hadi Kanaani, katika msiba wa mtu ambaye hakuwa wa kabila lao. Sheria ya Musa haikulisahau jambo hilo hata baada ya utumwa: iliwakataza Waisraeli kumchukia Mmisri, kwa sababu walikuwa wageni katika nchi yake.

Kwenye uwanja wa kupuria wa Atadi waliomboleza siku 7, kabla ya kumpeleka mzee kwenye pango la Makpela. Wenyeji wa Kanaani walitoka wakatazama kilio kile. Wakasema ni msiba mzito wa Wamisri, na mahali pale pakaitwa hivyo.