Umelipa Zote, Funguo Wamebaki Nazo

Aprili 2013 kampuni ya Nokia ilitangaza simu iitwayo Asha 210. Ilikuwa simu ya vitufe, herufi zote zimepangwa kama kwenye kompyuta, na kitufe kimoja kilikuwa na alama ya WhatsApp. Ukikibonyeza, unaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo yako. Siku hizo WhatsApp ilikuwa ikitoza karibu dola moja kwa mwaka, ukishamaliza mwaka wa kwanza wa bure, na katika baadhi ya masoko Nokia waliahidi kwamba mwenye Asha 210 hatalipa chochote kwa uhai wote wa simu hiyo. Kwa uhai wote wa simu.

Tarehe 31 Desemba 2018 WhatsApp ilizifungia huduma simu zote za mfumo wa S40, ambao ndio uliokuwa ndani ya Asha 210. Simu zenyewe hazikufa. Ziliendelea kupiga, kupokea na kutuma pesa, na kitufe kikabaki palepale na alama yake. Mwenye simu angemwendea nani? Nokia ilikuwa imeuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014, na mwaka huohuo Facebook ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Walioahidi walikuwa wameshauza na kwenda zao, na ahadi haikuwa na mwenyewe.

Mimi ni fundi wa simu hapa Cheptiret, pale ambapo barabara ya kwenda Chuo Kikuu cha Moi inaachana na barabara kuu ya Eldoret na Nakuru. Wateja wangu ni wanafunzi wa kampasi kuu, walimu, akina mama wa sokoni, na wakulima wa mahindi na maziwa ambao bei, zamu za trekta na habari za ushirika huzipata kwenye makundi ya simu. Kazi yangu ya kila siku ni vioo vilivyopasuka na matundu ya chaji yaliyojaa vumbi. Lakini kuna kifaa kinacholetwa mezani kwangu kikiwa kizima. Kioo safi, betri nzuri, spika inalia. Mteja anasema, "Fundi, jana ilikuwa inafanya, leo inakataa." Nakikagua mpaka mwisho na sipati cha kutengeneza, kwa sababu kilichoondolewa hakikuondolewa hapa. Kiliondolewa na mtu aliyekaa ofisini mbali sana, kupitia intaneti.

Redio ya baba yangu ilikuwa yote ndani ya boksi lake. Waya, koili, spika, vyote ulivishika, na fundi akiwa na chuma cha kulehemu na subira aliirudisha hewani. Simu au televisheni ya leo unayoibeba kutoka dukani ni sehemu tu ya kile ulicholipia. Ndani yake kuna programu inayokiendesha kifaa, na kampuni iliyokitengeneza inaweza kuiandika upya wakati wowote kifaa kikiwa kwenye mtandao. Ndilo lile sasisho linalokuomba ubonyeze kukubali. Sehemu nyingine haiko kwako kabisa: iko kwenye seva, kompyuta kubwa za kampuni zinazojibu kila kifaa chako kinapouliza jambo. Sasisho likija na maagizo mapya, au seva ikiacha kujibu, uwezo uliouona kwenye tangazo unatoweka bila mtu kugusa mlango wako. Mimi na vyombo vyangu vyote hatuna pa kuanzia.

Mzee mmoja jirani yangu aliuza mahindi akanunua televisheni mjini Eldoret. Boksi lilikuwa na picha za programu kadhaa za video, na moja ya hizo ndiyo iliyomfanya achague ile na kuiacha ya pembeni yake iliyokuwa ya bei nafuu. Mwanawe yuko ng'ambo, na humo ndimo alimokuwa akimwekea video za wajukuu. Ikafika siku alama ile ikawa inafunguka na kuonyesha maandishi tu, kwamba huduma haipatikani tena kwenye kifaa hiki. Nilikwenda kwake, nikajaribu kila njia ninayoijua. "Mzee," nikamwambia, "hii siwezi kuirudisha." Akaniuliza, "Basi niambie, boksi hili nilipeleke kwa nani?" Tulilipeleka dukani. Tukaelezwa kwa heshima kwamba dhamana ni ya kioo na umeme. Picha za kwenye boksi hazikuwa ndani ya dhamana. Jambo hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu picha hizo ndizo zilizomfanya atoe pesa.

Kuna waliopigania haki yao na kufika mahakamani. Vijana wa huku wanaijua PlayStation kwa mechi za kulipia katika vibanda, lakini PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006 ilikuwa na uwezo mwingine: mwenye mashine aliruhusiwa kuweka mfumo wa Linux na kuitumia kama kompyuta kamili. Watafiti waliifurahia. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha PlayStation 3 zipatazo 1,700 likapata kompyuta moja yenye nguvu kubwa. Lakini tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho namba 3.21 lililoufuta uwezo huo, ikisema ni kwa sababu za usalama. Ungeweza kulikataa. Ila ukikataa, unazuiwa kucheza na wenzako kwenye mtandao wa PlayStation, na huo nao ulikuwa sehemu ya ulicholipia. Mteja aliambiwa achague ni mali yake ipi ichukuliwe. Kesi ilidumu miaka, na mwaka 2018 ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 3.75, mdai mmoja akiweza kupata hadi dola 65. Hiyo ni miaka minane baadaye.

Kisa cha wino wa printa kinanigusa zaidi, maana majirani zangu wengi wanaishi kwa saiba, vibanda vya intaneti na uchapishaji. Mwanafunzi anataka kuchapa tasnifu, mzazi anataka fomu ya mkopo wa elimu, na faida ya ukurasa mmoja ni shilingi chache, kwa hiyo bei ya wino ndiyo inayoamua kama duka litafungua kesho. Tarehe 13 Septemba 2016 printa nyingi za HP katika nchi mbalimbali zilianza kukataa katriji za wino zilizotengenezwa na kampuni nyingine, katriji ambazo zilikuwa zikizipokea kabla ya siku hiyo. Maagizo ya kuzikataa yalikuwa yamekwisha kuingizwa kupitia masasisho ya nyuma, yakisubiri tarehe. Watu wakapiga kelele, na mwezi huohuo HP ikaomba radhi kwa kutoeleza vizuri na kuahidi sasisho la hiari la kuondoa kizuizi. Njia yenyewe haikuiacha. Mwishoni mwa 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10 kwa kutowafahamisha wanunuzi ipasavyo kuhusu vizuizi vya katriji.

Nimefurahia faini hiyo na fidia ile. Lakini zote zilimtazama mnunuzi wa kwanza, aliye katika nchi yenye mamlaka kali, na mwenye kumbukumbu za duka. Dola za PlayStation zilikuwa za walionunua Marekani. Sasa njooni mtazame kilichoko juu ya meza yangu. Kompyuta nyingi ni zile tunazoziita ex-UK, zimefanya kazi ofisini Uingereza kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Simu alikuwa nayo dada aliye Nairobi, akampa mdogo wake wa chuoni, naye akipata mpya atampelekea kogo, yaani bibi yao, kijijini ili aone nyuso za wajukuu. Kampuni inahesabu umri wa kifaa tangu kilipotoka kiwandani. Kifaa kikifika mkononi mwa kogo, kwa hesabu hiyo kimezeeka, na huku kwetu ndiyo kwanza kinaanza kazi. Ukifuta uwezo wa simu ya miaka saba, mjini London pengine hakuna atakayegundua. Hapa umemkata mtu kutoka kwa watoto wake, na mtu huyo hana risiti wala hajawahi kuzungumza na aliyeahidi.

Wala haya hayajaisha. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania walileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS, na mwaka huohuo WhatsApp ikaingia rasmi kwenye simu nyingi za mfumo huo. Ilikuwa habari njema kwa mtu asiyemudu simu ya kioo. Juni 2024 WhatsApp ikaacha kupakuliwa upya kwenye KaiOS, na mapema 2025 ikazimwa kabisa. Kwa simu za Android, tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi chini ya toleo la 5.0. Wanaoumia kwanza kila mara ni wenye simu za bei ya chini.

Wakenya tunakijua kitendo cha kuzimiwa kutoka mbali. Usiku wa kuamkia Oktoba 2012 Tume ya Mawasiliano ilizima simu bandia karibu milioni 1.9. Kabla ya hapo tulibonyeza *#06#, tukatuma namba ya utambulisho wa kifaa kwenda 1555, tukangoja kuambiwa kama ni halali. Zile zilikuwa bandia, na serikali ilitangaza mapema. Tunaijua pia simu ya mkopo. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku, na usipolipa simu inajifunga. Sina ugomvi na kufuli hilo. Umeambiwa lipo, unajua litatoka lini, na ukimaliza deni simu inakuwa yako. Ninacholalamikia ni kufuli lililo ndani ya kifaa kilicholipwa chote siku ya kwanza, ambalo muuzaji hakulitaja na halitoki kamwe.

Kampuni zina hoja, na sitaificha. Simu ya zamani isiyorekebishwa ina mianya ambayo wezi huiingilia, na kwa sisi tunaoweka akiba kwenye simu hilo ni jambo zito. Kuihudumia mifumo ya miaka kumi iliyopita kunakula pesa na wahandisi. Nakubali kwamba hakuna huduma ya milele. Lakini anayejua hivyo asiuze kana kwamba ipo. Kama wahandisi wanajua kifaa kitahudumiwa miaka minne, mteja aliye mbele ya rafu anastahili kuijua minne hiyo kabla hajafungua pochi. Inawezekana: tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya mtandao atangaze muda wa chini kabisa ambao atatoa marekebisho ya usalama.

Hapa nyumbani msingi tunao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na alichonunua, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na ipo Mamlaka ya Ushindani inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisemea bila wakili. Nasoma haki hiyo ya habari na kuona kwamba tarehe ya kufa kwa programu iliyotangazwa kwenye boksi ni habari ya aina hiyohiyo. Ningependa kuiona ikijaribiwa mahakamani.

Kwa sasa nawaambia wateja wangu wayafanye yaliyo katika uwezo wao. Boksi lisichomwe, lipigwe picha pande zote pamoja na risiti, kwa sababu picha za boksi ndizo ahadi. Unaponunua simu ya mkono wa pili, fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya kuhusu simu, usome toleo la Android na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Ikiwa imesimama miaka mingi nyuma, punguza bei au iache. Simu ipe masasisho yake ya usalama. Printa ya saiba inayofanya kazi vizuri usiiache ijisasishe yenyewe usiku. Na mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jambo lililokufanya ununue: "televisheni yenye programu fulani". Wengine wanakataa kuandika, na kukataa kwao kunakuonyesha mapema utasimama wapi mambo yakiharibika.

Kwa wabunge na kwa Mamlaka ya Ushindani ninaomba sentensi moja iwe lazima kwa kila kifaa cha mtandao kinachouzwa Kenya: kwamba uwezo wote uliotangazwa utaendelea kufanya kazi hadi mwezi fulani wa mwaka fulani, na ukiondolewa kabla ya hapo, yeyote mwenye kifaa hicho mkononi atalipwa. Yeyote mwenye kifaa, awe alikinunua, alipewa, au alikipata kwenye kontena. Iandikwe kwa Kiswahili pia, upande uleule wa boksi wenye picha za programu, kwa herufi za ukubwa uleule.