Msikate simu: tarishi wa simu za viziwi



Mwaka 2006, jioni moja ya Ramadhani, simu ya nyumbani kwangu hapa Marekani ililia. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema, kwa Kiingereza cha kukariri, kuwa yeye ni opareta namba fulani, ana simu ya mtu anayetumia maandishi, je, nimewahi kupokea simu ya namna hii? Nikajisemea, hawa wauzaji wameanza tena. Nikakata. Ikalia mara ya pili, nikakata. Baada ya siku mbili nikapata barua pepe ya kijana wa Tanga, mtoto wa jirani yetu wa zamani, kiziwi tangu utotoni. Aliuliza kwa adabu kabisa: "Mjomba, nimekukosea nini?"

Naandika haya kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyekata.

Mambo yenyewe ni hivi. Kiziwi anaandika kwenye mashine au kompyuta, opareta anakusomea neno kwa neno. Wewe unajibu kwa mdomo, yeye anapiga chapa kila ulichosema. Hata mtoto akilia nyuma yako, ataandika kuwa mtoto analia. Sheria inamtaka aandike maneno yasiyopungua 60 kwa dakika, lakini sisi tunasema kwa kasi zaidi ya hapo, ndiyo maana unasikia kimya kirefu na kudhani simu imekatika. Haijakatika. Ukimaliza zamu yako unasema "endelea" kwa Kiingereza, naye anaandika GA ili mwenzio ajue ni zamu yake.

Kosa letu kubwa Waswahili ni "mwambie". Tunamgeukia opareta: mwambie nimemsalimu, mwambie mama hajambo. Opareta ataandika hivyo hivyo, "mwambie nimemsalimu", na yule kijana atasoma kana kwamba anasengenywa mbele ya macho yake. Sema naye moja kwa moja. Na salamu zetu ndefu, za nyumbani, za watoto, za kazi, za hali ya hewa, zote zinapigwa chapa moja moja! Sisemi muache salamu. Semeni polepole.

Ni ajabu kwamba Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi, na mama yake na mkewe wote hawakusikia vizuri. Chombo chake kikawafungia nje watu wale wale kwa karibu miaka 90. Aliyefungua mlango ni kiziwi mwenyewe, mwanafizikia Robert Weitbrecht wa California, ambaye mwaka 1964 alitengeneza kifaa cha kuunganisha mashine kuukuu za teleprinta na mkono wa simu wa kawaida. Hapo viziwi wakaweza kuandikiana wao kwa wao. Kumfikia daktari, mwajiri au mwenye nyumba asiye na mashine ilibaki kuomba jirani au mtoto. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 ndiyo iliyolazimisha huduma hii iwepo nchi nzima ifikapo Julai 1993, na tangu Oktoba 2001 namba ni moja kote, 711. Hata wewe unayesikia unaweza kuipiga. Mtumiaji halipi zaidi ya simu ya kawaida. Makampuni ya simu huchangia mfuko. Kwa dharura, hata hivyo, ni 911 moja kwa moja. Walioko Uingereza wana Relay UK.

Iko pia huduma ya wanaosema kwa shida, kwa mfano baada ya kiharusi: opareta aliyefunzwa kusikiliza hurudia maneno yao kwa sauti inayoeleweka. (Na tafadhali, neno "bubu" tuliache.)

Opareta ni kama tarishi, ila tarishi hubeba barua iliyofungwa. Huyu anaifungua, anaisoma kwa sauti, kisha lazima aisahau: sheria inamkataza kutoa siri au kuweka maandishi baada ya simu kwisha. Hapunguzi wala haongezi. Matapeli walilijua hilo. Walipoweza kuingia kwa intaneti bila kujiandikisha, wengine wakiwa ng'ambo, waliagiza bidhaa kwa kadi za wizi, na opareta alisoma tu huku akijua anasoma uongo. Wenye maduka wakaanza kukata simu zote, za viziwi wa kweli pamoja nazo. Mwaka 2012 ndipo wasiojiandikisha walipozuiwa.

Narudi kwa kijana wangu. Alichotaka ni kuongea na mama yake. Huduma hizi kwa kawaida ni za Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hakimo. Ya video, yenye wakalimani wa alama, ingemfaa, lakini alama alizojifunza nyumbani si za Kimarekani na ilibidi aanze upya. Kwa hiyo alinihitaji mimi katikati: sikio moja opareta, sikio la pili simu ya mkono na mama yake Tanga.

Siku ya kwanza mama akasema, "Mwanangu, baba yako kashauza shamba la minazi. Usitume hela tena, zinaliwa." Mimi, mtu mzima mwenye busara zangu, nikamwambia opareta: kuna tatizo dogo la shamba, mama anakusalimu sana. Opareta akaandika nilichosema, kama inavyompasa. Kijana akaendelea kutuma hela miezi kumi, mpaka alipokwenda nyumbani akakuta nyumba ya mtu katikati ya minazi.

Siku hizi mama ana simu ya video, wanaonana, wanazungumza kwa alama walizozibuni wao wawili alipokuwa mdogo. Mimi hunipigia kupitia mkalimani. Juzi alitaka nizungumze na wakili wa ardhi wa Tanga kwa niaba yake, na kabla ya salamu aliniuliza: "Mjomba, leo utasema yote?"