Ng'ombe Hutembea kwa Kucha

Ndugu mkulima, hebu weka mkono wako mezani. Toka kifundo hadi ncha za vidole una mifupa 27: minane ya kifundo, mitano ya kiganja, na pingili 14 za vidole. Sasa inua kiganja, ubakize mezani ncha za kidole cha kati na cha pete tu. Hivyo ndivyo maksai wako anavyosimama kwa mguu wa mbele.

Lile unaloliita goti lake la mbele siyo goti, ni kifundo cha mkono. Mfupa mrefu ulio chini yake ni mifupa miwili ya kiganja iliyoungana. Kisha vidole viwili, kila kimoja kimevaa kwato, yaani ukucha. Punda yeye kabakiwa na kimoja tu, cha kati.

Basi ndani ya kwato mna pingili ya mwisho ya kidole, imezungukwa na nyama hai. Wako wanaokata kwato ndefu kwa pigo moja la panga. Huko ni kukata kidole! Uchafu wa zizini ukiingia hadi mfupani, msimu wa kulima umekupita. Punguza kidogo kidogo kwa kisu kikali au tupa. Ukiona wekundu, acha.

Na maksai akichechemea, usikimbilie kukanda "goti". Inua mguu, osha, tazama kati ya vile vidole viwili: huenda ni jiwe au mwiba. Ukikuta kidonda kinachonuka, mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.